Mkitutoa Matembezi, Msituhamishie Jiko



Skuli zinafungwa, masika yamekwisha, kipupwe kimeingia na hewa yake ya kupendeza. Huu ndio wakati ambao katika kila nyumba hapa mjini swali ni moja: "Jumapili tunakwenda wapi?" Watoto wanataka bahari, baba anataka pahala penye uwanja wa mpira, bibi anataka penye kivuli. Mashauri yanapigwa, pahala panapatikana, kila mtu anafurahi. Linabaki swali la pili, ambalo halisemwi kwa sauti kwa sababu jawabu lake linajulikana: nani atapika?

Leo tunataka kulisema kwa sauti. Matembezi ya familia, kama tunavyoyafanya wengi wetu visiwani, si mapumziko ya familia. Ni mapumziko ya wote isipokuwa mwanamke mmoja au wawili, ambao kazi yao ya kila siku imepakiwa garini na kupelekwa pwani. Tunasema hili si haki, si dini, na wala si lazima, kwa sababu tunaishi katika mji ambao chakula chake kinapendwa na kila anayekionja.

Hebu tuihesabu siku yenyewe

Matembezi ya Jumapili huanza Jumamosi. Nyama inasafishwa, vitunguu vinakatwa, viungo vinatwangwa, viazi vinamenywa. Deli linatafutwa kwa jirani. Nguo za kubadilisha za watoto watano zinapangwa. Saa kumi za alfajiri jiko limeshawaka. Baada ya sala ya Alfajiri wengine wanarudi kulala kidogo, yeye yuko na mwiko mkononi. Pilau inapaliwa makaa, katlesi zinakaangwa, kachumbari inawekwa mbali na ndimu ili isilegee, chai inatiwa chupani. Saa tatu gari inapiga honi na sauti inatoka nje: "Mbona mnachelewesha?"

Mkifika pwani, mama anachagua mti. Hauchagui kwa ajili yake, anauchagua kwa ajili ya masufuria. Wanaume wanakwenda kupiga mpira, vijana wanajitosa majini, wasichana wakubwa wanaitwa kuja kusaidia. Anatandika mkeka, anapakua, anagawa, anaongeza, anatafuta kijiko kilichopotea, anamfuta mdogo mchanga machoni, anakusanya sahani kabla nzi hawajafika. Akisema aonje naye, kuna mtu anataka maji. Saa kumi wanataka chai. Bahari ameiona kwa mbali, kama picha ya kalenda ukutani.

Kisha kurudi. Watoto wanalala garini, baba anasema amechoka kwa kuendesha. Nyumbani kuna masufuria yenye ukoko, mikeka yenye mchanga, nguo za chumvi, na kesho Jumatatu. Halafu baba wa watu anapita barazani kwa wenzake na kusema: "Leo nimewatoa."

Umewatoa nani? Watoto umewatoa, na Mwenyezi Mungu akulipe kheri. Ndugu zako umewatoa. Lakini mkeo umemhamisha tu kutoka jiko la ndani kwenda jiko la nje, tena lisilo bomba wala kabati.

Tunajua si kila mume yuko hivyo. Wapo wanaoamka na wake zao, wapo wanaoosha sahani bila ya kuambiwa, wapo wanaochoma samaki wao wenyewe na wakachoma vizuri. Hao tunawaombea dua. Tunazungumza na desturi, na desturi hii iko katika nyumba nyingi mno kwa mtu kujifanya haijui.

"Lakini hiyo ndiyo kazi ya mwanamke"

Hapo ndipo tunapoletewa dini, na hapo ndipo pa kusimama. Dini haikusema hivyo.

Wengi wetu visiwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi. Waliosoma fikihi wanajua kwamba wanazuoni wa madhehebu haya wamesema kupika na kutumikia nyumba si wajibu wa kisheria juu ya mke. Chakula ni katika nafaka, na nafaka iko juu ya mume. Mke anapopika anafanya ihsani. Ihsani tunaipenda na tunaifanya kila siku kwa mapenzi, na malipo yake tunayatarajia kwa Mola wetu. Ila ihsani ikidaiwa kama deni, tena kwa honi ya gari, inakuwa imepotezwa jina lake.

Na tumtazame Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam. Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake. Jawabu lake limepokewa na Imamu Bukhari: alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Huyo ndiye aliyebeba umma mzima mabegani mwake. Huyu wetu aliyebeba mpira peke yake anashindwa nini kubeba deli?

Tena liko jambo jengine linalohusu matembezi hasa. Imepokewa kwamba Mtume alikwenda safarini pamoja na Bibi Aisha, wakashindana mbio, Bibi Aisha akamshinda. Siku nyingine, baada ya muda kupita, wakashindana tena, Mtume akamshinda, na akamtania kwamba hii ni kwa ile. Tuyafikirie hayo vizuri. Mke alitoka na mumewe, akakimbia, akacheka, akataniwa. Hiyo ndiyo sunna ya matembezi. Sisi tumeisahau, tukashika ya kupakua pilau.

"Chakula cha nje ghali, na hakiaminiki"

Hii ndiyo hoja ya pili, na wanaoitoa si wanaume tu. Sisi wenyewe wanawake tunaitoa, tena kwa nguvu.

Tuanze na ughali. Tukifanya hesabu ya pilau ya pwani tunahesabu nini? Mchele, nyama, mafuta, viungo, makaa, barafu, soda. Haya hatuyahesabu: usiku mmoja wa usingizi, mgongo, na siku nzima ya mtu. Saa za mama hazina bei, ndiyo maana kila kitu anachokifanya yeye kinaonekana rahisi. Akikipika mtu mwengine kile kile kwa bei, tunapiga kelele. Wala hatusemi familia ya watu kumi na wawili ikakae kwenye mkahawa wa watalii. Tunasema tule kama mji wetu unavyokula.

Mji wetu unakulaje? Alasiri unakula urojo: bakuli moja lenye kachori, bajia, viazi, mishkaki, chipsi za muhogo zilizosagika, chatne ya nazi na ukali wa embe au ukwaju, na mtoto wa miaka mitano anaweza kuumaliza na akaomba mchuzi uongezwe. Unakula mishkaki ya moto kwa mkate wa boflo. Unakula muhogo wa kuchoma kwa pilipili na ndimu, ndizi mbivu za kuchoma, mahindi, pweza wa kuchoma. Unakunywa juisi ya miwa iliyokamuliwa pamoja na ndimu na tangawizi, na dafu linalokatwa mbele yako. Unamalizia kwa ubuyu, kashata na visheti. Hapana hata kimoja hapo kinachotaka sinia kubwa, na kila kimoja kinanunuliwa kwa kiasi cha mfuko ulionao.

Ama kuaminika, tuwe wakweli. Kinachoharibika pwani mara nyingi ni kile tulichokipika sisi. Wali wa nazi uliotiwa kwenye chombo ukiwa moto saa kumi na mbili asubuhi, ukafunguliwa saa nane mchana, umeshaanza kuchacha. Mchuzi wa nazi ndio usiseme. Muhogo unaotoka motoni na kuingia mkononi mwako una salama zaidi. Tutazame mikono ya muuzaji, tutazame mafuta yake na maji yake, tuchague pahala penye watu wengi ambapo chakula hakikai. Hilo tunalijua tangu udogoni.

Na tusisahau nani anauza. Katlesi, sambusa, vitumbua, maandazi, chapati na urojo wa mitaani kwa kiasi kikubwa ni kazi ya mikono ya wanawake wenzetu, wajane na wasio wajane, wanaosomesha watoto kwa meza moja ya mbao iliyowekwa nje ya mlango. Ukimwagizia katlesi hamsini jirani yako siku mbili kabla, umempa riziki, nawe umepata usingizi. Sijui ni hasara gani hiyo inayoogopwa.

Mji huu una pa kwenda

Kuna watu wamezaliwa hapa na hawajafika pahala ambapo mgeni anavuka bahari mbili kuja kupaona. Wengine wanasubiri wapate pesa ya hoteli. Hoteli si dhambi, lakini si lazima. Tazameni:

Forodhani. Bustani hii ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2009, na kila jioni baada ya Maghribi majiko yake huwaka. Nendeni Alasiri, watoto wakimbie, vijana wa mjini wajirushe majini kutoka ukutani na kila mtu awatazame, msali Maghribi katika msikiti wa karibu, kisha mle. Ulizeni bei kabla ya kuchagua, hasa kwa samaki na kamba, na msione haya kula urojo na miwa tu mkarudi nyumbani. Hapo mama hana cha kubeba isipokuwa mkoba wake.

Kidichi na Kizimbani. Kutoka mjini ni mwendo mfupi kwa njia ya Bububu. Kidichi kuna hamamu ambayo Seyyid Said aliijenga katikati ya karne ya 19 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, bibi wa Kiajemi, apate pa kuoga na kupumzika wanapotoka mashamba. Sisi hatutaki kujengewa hamamu. Tunaona tu kwamba hata katika kisiwa hiki hiki, fikra ya kwamba mke anapelekwa shamba akapumzike si fikra ngeni. Mkitoka hapo, mashamba ya viungo ya Kizimbani yako karibu, watoto wakaone karafuu na iliki mtini, pilipili manga inavyopanda juu ya mti, na mdalasini unavyomenywa. Mtoto wa Unguja asiyeujua mmea wa hiliki anayoinywa kila siku ndani ya chai ana haki ya kupelekwa.

Mtoni na Maruhubi. Magofu haya mawili yako kando ya barabara ile ile ya Bububu. Mtoni ndipo alipozaliwa Seyyida Salme mwaka 1844. Maruhubi ni jumba la Seyyid Barghash, lililoungua mwaka 1899. Ni matembezi ya asubuhi moja, yanafaa kwa familia yenye wazee na watoto wadogo, na saa sita mko nyumbani.

Changuu. Boti zinatoka ufukweni mwa Mji Mkongwe na safari ni kama nusu saa. Kuna makobe wakubwa ambao asili yao ni Ushelisheli, na kuna jengo la gereza la mwaka 1893 ambalo baadaye likawa pahala pa karantini. Miezi hii ya kusi bahari inaweza kuchafuka, kwa hivyo nendeni asubuhi, na msipande boti ambayo haina jaketi la kuokolea kwa kila mtoto. Nahodha akisema "ni karibu tu", teremkeni.

Jozani. Ni kiasi cha kilomita 35 kutoka mjini, na daladala za Makunduchi na Jambiani zinapita hapo. Kuna kima punju, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa visiwani kwetu, na kuna njia ya mbao juu ya mikoko. Chakula msile mbele ya kima, na ulizeni kiingilio cha wenyeji.

Kizimkazi Dimbani. Huku tunawataka hasa bibi na babu waende. Msikiti wake una maandishi ya Kikufi yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Msali hapo, mwaelezeni watoto kwamba watu walisujudu pahala hapa zaidi ya miaka mia tisa iliyopita, kisha mkale samaki wa wavuvi wa hapo hapo.

Na ndugu zetu wa Pemba mna msitu wa Ngezi, mna ufukwe wa Vumawimbi, na mna Misali, kisiwa kinachohusishwa katika masimulizi ya wazee na Nabii Khidhr na msala wake. Hamna haja ya kuvuka kuja huku kutafuta matembezi.

Neno moja kuhusu maji kwa mnaopenda pwani. Itazameni kalenda ya Kiislamu kabla ya kupanga. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano huwa ni bamvua. Siku hizo maji hupwa sana asubuhi kiasi cha saa nne, na hujaa kiasi cha Alasiri. Ukiwapeleka watoto Paje au Jambiani asubuhi ya bamvua, bahari utaifuata kwa miguu mpaka uchoke, na kusi nayo itawapiga mchanga. Nungwi na Kendwa maji hayaendi mbali. Safari nyingi huharibika kwa sababu hii, halafu analaumiwa aliyechelewa kufunga chakula.

Mama naye aingie majini

Tunakuja kwenye jambo zito. Ndani ya maji kuna watoto sita, na mtu mzima anayeaminiwa kuwatazama ni yule yule anayepakua. Jicho moja liko kwenye sufuria, jicho moja liko kwa mtoto, na bahari haisubiri jicho la pili. Hatusemi hili kumtia mtu hofu. Tunasema kwa sababu tunaishi kisiwani, na kila mtaa una msiba wake wa maji. Mama aliyeondolewa kazi ya chakula ni mama anayeweza kuwa kwenye maji na wanawe. Na baba aliye kwenye mpira awe na zamu yake, yeye hasa, ya kukaa pale maji yanapoanza, bila ya simu mkononi.

Wapo watakaosema mwanamke wa Kiislamu hana la kufanya baharini. Stara ni wajibu na hatuijadili. Lakini stara ni nguo na mwenendo, haikuwa kamwe amri ya kutojua kuogelea. Kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa skuli ya Kijini kuogelea na kuokoa wenzao, wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili mzima. Kama wasichana wale waliweza, na wazee wao wakaridhia, sisi wa mjini tunachoogopa nini? Chagueni ufukwe usio na watu, nendeni asubuhi mapema, jipangeni wanawake na watoto upande mmoja, vaeni nguo nzito ya rangi ya giza isiyoshika mwili. Miguu ya mama yako ikiguswa na maji baada ya miaka ishirini, utaona uso wake unavyobadilika.

Kwenu, mabibi harusi watarajiwa

Nyinyi ndio tunaotaka mtusikilize zaidi. Somo atakufundisheni mengi: singo, udi, asmini, namna ya kumpokea mume na namna ya kuweka chakula mezani. Yote ni mazuri, yashikeni. Ila mara chache utamsikia somo anamfundisha mwari kusema kwa upole: "Leo tununue."

Fungate ikisha, mwaliko wa kwanza wa ukweni huwa ni matembezi. Wote mnajua maana yake. Ni mtihani wa pilau. Mawifi wako wanaangalia wali umesimama au umelowa, wakoi wa mume wanatia maoni, na bibi harusi, mkono bado una hina, anazunguka na sinia. Kinachowekwa siku hiyo ndicho kitakachokaa miaka thelathini. Ukianza kwa kubeba yote ili upendwe, utapendwa kwa kubeba yote.

Kwa hivyo zungumzeni mapema. Mnaulizana kabla ya nikahi kuhusu mahari, nyumba, kazi na masomo, na hilo ni zuri. Ongezeni na hili: siku ya mapumziko katika nyumba yetu ni ya nani? Mchumba mwenye akili hatakasirika, na atakayekasirika kwa swali dogo kama hili amekujibu.

Na nyinyi mavyaa zetu, tunakubusuni mikono. Mmepika pwani miaka yote hiyo na hakuna aliyekuambieni ahsanteni. Tunajua. Lakini mzigo uliokuchosheni msimkabidhi mke wa mwanenu kama urithi. Mkitaka kumpenda, mwiteni aje akae mkekani nanyi, mle wote, na mwanenu ndiye apakue. Neno lenu moja kwake lina nguvu kuliko makala kumi zetu.

Nasi wenyewe tuna letu. Nani anayesema "pilau ya fulani ilikuwa kavu"? Ni sisi. Nani anayepiga picha chakula chake kabla ya kumpa mtoto anayelia? Ni sisi. Nani anayemwona mwenzake amekuja na mkate wa kununua akatazama pembeni na kucheka? Ni sisi vilevile. Tukiacha mashindano haya, nusu ya mzigo imekwisha kabla hatujamwambia mwanamme neno.

Masharti yetu ya msimu huu

Tumekubaliana haya, na tunakuombeni myachukue:

Kwanza, chakula cha matembezi kisizidi vitu viwili vya kutoka nyumbani, tena vikavu: chapati na katlesi, au boflo na mayai ya kuchemsha. Vilivyobaki vinunuliwe huko huko au viagizwe kwa jirani.

Pili, moto wa pwani ni wa wanaume. Anayetaka samaki wa kuchoma na awashe, asafishe, achome, agawe. Wengi wao watagundua wanapenda.

Tatu, kila aliyefika umri wa kusali amefika umri wa kubeba. Mvulana wa miaka kumi anaosha sahani yake sawa na dada yake. Tusilalamike juu ya waume wa kesho hali sisi ndio tunaowalea leo.

Nne, kuwe na zamu ya kutazama watoto majini, iliyotajwa kwa jina na kwa saa.

Tano, msala, maji ya kutawadhia na wakati wa sala vipangwe kabla ya chakula. Matembezi yanayotupotezea Adhuhuri kwa ajili ya wali yameshatupoteza.

Sita, mkirudi, masufuria yaoshwe na waliokula.

Watasema tunawaharibu wake za watu. Wacha waseme. Nyumba haiharibiki kwa mama kupumzika siku moja. Nyumba inaharibika kidogo kidogo pale watu wote wanaporudi wakiwa na furaha na mmoja akarudi na kinyongo, kisha kinyongo kile kikaoshwa pamoja na sahani usiku, peke yake, na asubuhi kikawa bado kipo.

Jumapili ijayo, muulizaji akiuliza tunakwenda wapi, mjibuni. Na akinyamaza kwenye swali la pili, lisemeni nyinyi: "Na chakula tutanunua wapi?"

Mwenyezi Mungu azitie baraka nyumba zetu, awarehemu mama zetu waliotangulia ambao hawakuonja bahari hii waliyoishi kando yake, na atujaalie waume na watoto wenye kuona. Amin. Wabillahi tawfiq.